Volkswagen kobe imekalia nyuma, pua juu: pima kwanza kabla hujagusa torsheni baa

Swali: Kamwene fundi, shikamoo. Niko Mafinga, nina Volkswagen kobe 1300 ya mwaka 1966, ilikuwa ya marehemu baba. Nyuma imekaa chini na upande wa kushoto umeshuka zaidi, kama vidole viwili hivi, mbele nako pua imepanda. Mwaka juzi tulibadilisha bushi za nyuma kushoto hapahapa Mafinga. Gari naitumia, naenda nayo Iringa, na mara mojamoja nabeba gunia la viazi au mawili. Fundi mmoja anasema afunge springi za Noah nyuma, mwingine anasema tukate mbele ishuke ilingane na nyuma. Mimi nataka ikae juu kidogo kwa ajili ya matuta na njia za vijijini. Nifanyeje?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, kamwene. Na pole kwa mzee, ila amekuachia gari la maana.

Nianze na hao mafundi wawili maana naona ndo wanakuchanganya. Springi za Noah usikubali. Hiyo kobe haikuundwa na springi ya kuzunguka nyuma, uzito wote wa nyuma unabebwa na bomba lile la chuma lililopita chini ya siti ya nyuma, lile la torsheni baa (fimbo za chuma zinazojisokota badala ya springi), bodi yenyewe pale juu ya tairi ni bati tu. Sasa ukifunga springi kati ya ekseli na bodi unahamishia uzito wa injini kwenye bati la tangu 1966, litapasuka, na likipasuka utachomelea, na litapasuka tena pembeni ya pale ulipochomelea. Na huyo wa kukata mbele anataka kuharibu upande mzima ili ulingane na upande mbovu. Achana nao wote wawili.

Sasa tuje kwenye gari. Kilichonishtua kwenye maelezo yako sio hiyo nyuma kukaa chini, kobe nyingi za umri huo zimechoka kidogo nyuma. Ni hicho cha "kushoto vidole viwili" halafu sentensi inayofuata unasema bushi za kushoto zilifunguliwa mwaka juzi. Hayo mawili mi nayaona ni jambo moja, na nitakueleza kwa nini, ila itabidi kwanza uelewe hicho chuma kinavyofanya kazi.

Ndani ya lile bomba kuna fimbo mbili za chuma, moja kushoto moja kulia. Kila fimbo ina meno huku na huku. Upande wa ndani, katikati ya gari, meno yamekaa kwenye kishikio kisichozunguka. Upande wa nje meno yameingia kwenye ile pleti ndefu nyembamba inayokwenda nyuma mpaka kwenye ekseli. Tairi likipanda, pleti inapanda, fimbo inajisokota kama unavyokamua nguo, ikiachiwa inarudi. Hakuna kingine. Ndo springi yako hiyo.

Utamu uko kwenye idadi ya meno. Ndani kuna 40, nje kuna 44. Wajerumani hawakukosea hesabu hapo, walifanya makusudi. Jino moja la ndani ni nyuzi 9, jino moja la nje ni nyuzi 8 na ushee kidogo. Kwa hiyo ukizungusha fimbo jino moja la ndani kuelekea chini, halafu ukairudisha pleti jino moja la nje kuelekea juu, tofauti inayobaki haifiki hata nyuzi moja, ni kama dakika 50 (sio za saa, uzi mmoja wa pembe una dakika 60). Pleti ina urefu wa kama sentimita 40 toka kwenye fimbo mpaka katikati ya tairi, kwa hiyo hizo dakika 50 kule kwenye tairi zinakuwa milimita 6 hivi. Ndo unavyoweza kurekebisha kobe kidogokidogo bila kukata wala kuchomelea chochote.

Sasa angalia upande wa pili wa hesabu hiyohiyo. Mtu akifungua pleti, akabadilisha bushi, akarudisha pleti kwa kukisia na ikaingia jino moja tu la nje pasipo pake, tairi linahama sentimita 5 na nusu mpaka 6. Jino moja! Kwa macho huwezi kuona hizo sita zote kwa sababu mbele nako kunaikamata bodi isilale, kwa hiyo unachoona kwenye madigadi ni tatu au nne. Vidole viwili ni ngapi? Umeona sasa. Na pleti ikiwa haina uzito jino moja si rahisi kulijua kwa jicho tu, ndo maana lazima alama ipigwe kabla ya kufungua, na mafundi wengi wa siku hizi waliozoea IST na Noah hawajui kwamba pleti ile ina mahali pake maalumu, wanaona meno tu wanasukuma ndani.

Lakini usikimbilie kufungua. Kuna vitu vya bure vya kuondoa kwanza, na mi nimeona magari yamefunguliwa nyuma mzima kumbe shida ilikuwa tairi.

Tairi. Nenda kasome ubavuni zimeandikwa nini, zote nne. Kobe ya 66 ilitoka na 5.60-15, na tairi la radial linalokaa vizuri pale ni 165R15 au 155R15. Siku hizi ukienda dukani ukasema nataka nchi 15 utapewa 185/65 ya IST, inaingia ndio, ila rimu yako ni nyembamba, nchi 4 tu, haikupangiwa tairi la upana huo, na tena lile tairi ni fupi kwa sentimita 2 na zaidi kuliko 165 ya kawaida, maana yake gari linashuka sentimita moja na ushee upande huo. Sasa kama kushoto nyuma uliweka ya IST baada ya kupata pancha na kulia iko ya zamani, hapo tayari umeshapata kidole kimoja. Kipimo chake rahisi: badilisha tairi za nyuma kushoto kwenda kulia. Ulalo ukihamia kulia, ni tairi. Usipohama, tunaendelea.

Upepo. Mbele 18, nyuma 27. Najua ukifika sheli kijana atakuangalia kama umechanganyikiwa na atataka kupiga 35 zote, mwambie taratibu tu kwamba injini iko nyuma. Mbele ya kobe ni nyepesi, ukijaza upepo inadunda na pua inazidi kuonekana imepanda.

Halafu pua yenyewe. Fungua boneti uangalie, tairi la akiba lipo? Wengi wameliondoa wakaweka begi. Pale mbele kulitakiwa kuwe na tairi la akiba na tenki la mafuta, ukitoa tairi na unatembea na lita tano za mafuta, pua lazima ipande, hakuna kilichoharibika. Kingine mbele ni grisi. Zile bomba mbili za mbele zina nipo (vitundu vya kupigia grisi), na kama hazijapigwa miaka, mikono inayoshika tairi inakuwa mizito, tairi likishuka halirudi juu vizuri. Nyanyua mbele tairi zining'inie, piga grisi mpaka uone ile mpya inachungulia pembeni, futa, shusha, tembeza. Unaweza ukashangaa pua imeshuka yenyewe.

Ukishamaliza hayo ndo unapima. Na kupima kobe kuna ujanja wake. Usipime kwenye madigadi. Madigadi za gari la umri huo zimeshagongwa, zimenyooshwa, nyingine ni za gari jingine kabisa, na bodi yenyewe inaweza kuwa imelala kwa sababu ya kutu kwenye sakafu. Pima kutoka chini ya lile bomba la torsheni baa mpaka ardhini, kushoto na kulia, karibu na mwisho wa bomba pande zote. Mbele pima kutoka bomba la chini mpaka ardhini vilevile. Tafuta sakafu ya zege iliyonyooka, ya kanisani au ya godauni la mbao, Mafinga hamkosi, sio uwanja wa changarawe. Tairi la akiba liwepo, tenki lijae, gari halina mtu wala gunia.

Na hapa wengi ndo wanapigwa chenga: ukishanyanyua kobe kwa jeki, tairi za nyuma zinajikunja kuingia chini ya gari, na ukiishusha zinabaki zimejikunja hivyohivyo kwa sababu ekseli zenyewe zinabembea kutoka kwenye gia boksi. Gari linasimama juu kama mbuzi dume, mwenye gari anafurahi, fundi analipwa, kufika geti la nyumbani limesharudi chini. Kwa hiyo kila ukishusha jeki, sukuma gari mbele na nyuma mita kadhaa, likandamize kwa mikono pale bampani mara mbili tatu, ndo upime.

Haya, tuseme umepima na kushoto bado kuko chini. Sasa tunafungua, na hii sio kazi ya kufanya peke yako chini ya mwembe. Ile pleti hata gari likiwa hewani bado imejikaza, imeegemea kwenye kizuio cha chuma, na siku inapotoka kwenye kizuio inashuka kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Mguu, mkono na kichwa visiwe kwenye njia yake. Gari likae kwenye stendi za chuma, sio tofali, tofali la kuchoma linapasuka bila taarifa.

Toa tairi. Legeza kebo ya handbreki. Kabla hujagusa bolti za ekseli, chukua tindo upige mstari mmoja unaovuka pleti na flenji ya ekseli, ukate chuma kidogo, rangi ya kalamu itafutika. Ule mstari ndo unaokuambia tairi linaangalia mbele sawasawa, maana matundu ya pleti ni marefu, ukifunga sentimita nusu pembeni gari litatembea upandeupande na tairi litakwisha kama limepigwa msasa. Toa bolti ya chini ya shokapu, toa bolti tatu za flenji, sogeza ekseli nyuma, na uiegemeshe kwenye jeki, isining'inie kwenye hosipaipu ya breki wala kuvuta ule mpira wa ekseli.

Halafu bolti nne za kifuniko. Kikitoka, angalia bushi. Kama mwaka juzi walifunga bushi ya kienyeji iliyochongwa kwenye tairi la lori utaijua palepale, ina nyuzi nyuzi ubavuni, na tundu limeshakuwa yai. Bushi ya kweli ina maandishi, imeandikwa OBEN, hapo ndo juu, kwa sababu tundu lake halipo katikati, ukiigeuza pleti inakaa pabaya. Na usiipake grisi, mpira na grisi havipatani, paka poda, hii ya watoto inafaa kabisa.

Sasa na jeki na mnyororo, au mtaimbo mrefu na watu wawili wenye akili, ondoa pleti kwenye kizuio uishushe taratibu mpaka ilegee kabisa. Hapo ndo ukweli wote ulipo. Weka pima maji kwenye sakafu ya mlango uone gari limelala nyuzi ngapi, halafu weka protrakta juu ya pleti usome nyuzi zake. Andika. Nenda kulia ufanye vilevile. Ukikuta kushoto na kulia vinapishana nyuzi 8 hivi, umeshampata mchawi, ni lile jino moja, na kazi yako ni kuivuta pleti kwenye meno ya nje, kuishusha jino moja, kuirudisha. Basi. Hakuna cha kununua.

Ukiwa hapo hapo ichungulie fimbo yenyewe. Futa grisi mwishoni utaona imegongwa herufi, L au R. Kushoto L, kulia R, hazibadilishwi kamwe kwa sababu kiwandani zilishasokotwa kwa upande wake, ukizibadilisha zinalegea halafu zinakatika. Ukikuta R iko kushoto, simama, hapo tatizo ni lingine kabisa. Angalia pia rangi ya fimbo, usiikwaruze na mtaimbo, mahali palipokwaruzwa kutu inaanza na fimbo inakatikia hapohapo. Udongo wetu mwekundu ukishikana na maji ya mvua za miezi yote ile unatunza unyevu ndani ya bomba, kwa hiyo safisha na upake grisi meno yote kabla ya kurudisha.

Tuje kwenye hiyo hamu yako ya kuinua. Ukishalinganisha kushoto na kulia, nyuma yenyewe itapanda, na mi ningekuomba utembee nayo wiki chache kabla ya kuongeza kitu. Kama bado unaona iko chini, inua, ila kidogo. Mfano unataka sentimita 3: gawa kwa milimita 6 unapata tano, kwa hiyo fimbo unaizungusha meno 5 ya ndani kuelekea chini, pleti unairudisha meno 5 ya nje kuelekea juu, pande zote mbili sawasawa, ukisoma nyuzi kwa protrakta kila hatua, sio kwa kuhesabu meno tu kichwani.

Zaidi ya hapo sikushauri. Hiyo ekseli inayobembea ina tabia mbaya: gari likipanda, tairi za nyuma zinaegama, juu zinatanuka chini zinaingia. Ukiwa unateremka Kitonga, kona imebana, breki umeshika, nyuma inakuwa nyepesi, tairi la nje linajikunja chini ya gari na kulinyanyua, hapo kobe inaweza kupinduka na hujaenda kasi hata kidogo. Tena nyuma ikiwa juu kuliko mbele stelingi inakuwa nyepesi na inatangatanga, na barabara yetu ya TANZAM unapishana na malori ya Tunduma siku nzima, upepo wa lori moja unakuhamisha njia. Kobe ikiwa katika urefu wake wa kiwandani ina kama sentimita 15 chini ya tumbo, na tumbo lenyewe ni sahani tambarare. Mpangilio huohuo wa nyuma ndo ulikuwa kwenye 1200 iliyoshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, na tope la Safari sio dogo. Matuta ya Mafinga utayapita.

Kuhusu viazi nikuambie wazi. Watu wanadhani ukiinua torsheni baa gari linakuwa gumu, linabeba zaidi. Hapana. Uzito wa gari haujabadilika, kwa hiyo fimbo inajisokota kiasi kilekile, kilichobadilika ni mahali ilipoanzia tu. Ukipakia gunia mbili za viazi nyuma itashuka sentimita zilezile kama zamani. Gunia la kwetu na rumbesa yake unalijua lenyewe. Kama lazima ubebe, liweke sakafuni nyuma ya siti za mbele, usilitupe kule juu ya injini, na usipakie mawili siku ya mvua ukaenda nayo porini. Kwa kazi ya viazi kuna bodaboda na kuna Kirikuu, kobe ya mzee ipumzike.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua. Pleti inapandishwa tena juu ya kizuio kwa jeki na mnyororo, kifuniko kinafungwa kwa bolti ndefu mbili kwanza kisha fupi, ekseli inarudi kwenye mstari wako wa tindo kwa unyoofu, sio "karibu karibu", bolti zinakazwa, shokapu, kebo ya handbreki inarudishwa. Sukuma gari, likandamize, pima tena kwenye bomba. Kushoto na kulia zikipishana milimita tano hivi usihangaike, ridhika nazo.

Baada ya kutembea kama siku mbili tatu rudi ukaze bolti zile za flenji, halafu ukafanyiwe alaimenti ya mbele Iringa mjini au Mbeya, popote penye mtu atakayekubali kushika kobe. Na usiku wa kwanza simamisha gari mbele ya ukuta uangalie taa. Kwa muda wote nyuma ilivyokuwa chini taa zilikuwa zinamulika juu kwenye macho ya madereva wa malori, na kama kuna mtu alishazishusha kufidia hilo, sasa zitamulika mita chache tu mbele ya bampa, kwa hiyo zirekebishe kabla hujaenda Iringa usiku.

Nitumie zile namba nne za kutoka kwenye bomba mpaka ardhini, maandishi ya ubavuni mwa tairi, na kama umefungua, nyuzi za pleti kushoto na kulia. Nikiziona nitakuambia meno mangapi na upande gani.